Mkono wa Abdiel

Glasi ya chai iligonga ukuta, ikapasuka, na chai ikaanza kuteremka juu ya rangi nyeupe ambayo kaka yake Faudhia aliipaka kabla ya Idi.

Faudhia hakupiga kelele. Aliinyanyua kompyuta yake mezani akaikumbatia kifuani, kisha akamtazama mwanaume aliyeketi mbele yake. Abdiel naye alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umebaki hewani, vidole vimetanuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla kwenye nyumba asiyoijua.

"Faudhia! Kuna nini huko?" Bi Mwanamkuu, mama yake, aliita kutoka uani alikokuwa akikaanga maandazi.

"Glasi imeanguka, mama."

"Glasi ikianguka hailii hivyo."

Abdiel alipiga magoti, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja.

"Samahani, mwalimu."

"Acha, utajikata."

"Niache nijikate."

Chumba kile cha mbele cha nyumba yao ya Kaloleni ndicho kilichokuwa darasa la Faudhia. Waliokuja kwake walikuwa wanafunzi wakubwa, wauguzi, walimu, hata wachungaji, watu waliokwisha kukusanya madodoso yao vijijini wakarudi nayo mjini wasijue wayafanye nini. Aliwafundisha takwimu polepole, kama mtu anavyomfundisha mwenzake kuogelea, kwanza miguu, halafu mikono, halafu kuacha kuogopa. Sharti la mama yake lilikuwa moja tu: mlango ubaki wazi na pazia lifungwe pembeni, mwanafunzi awe mwanamke au mwanaume.

Abdiel alifika wakati wa masika, amelowa chapachapa, amebeba begani mfuko wa madodoso alioufunika kwa koti lake mwenyewe. Alikuwa afisa ustawi wa jamii katika kata moja kwenye miteremko ya Mlima Meru, na alikuwa akisomea shahada ya pili. Utafiti wake ulitaka kujua kwa nini, katika vijiji vilevile, wenye shida zilezile, wanaume wengine huwapiga wake zao na wengine hawawapigi. Siku ya kwanza hakujua hata tofauti ya wastani na namba ya kati. Lakini alikuwa anauliza maswali kwa unyenyekevu, na akishaelewa alitabasamu upande mmoja wa mdomo, na Faudhia alijikuta anamtungia mifano mirefu kuliko ilivyohitajika, ili tu alione lile tabasamu linavyokuja. Walipoinama pamoja juu ya kompyuta, harufu ya sabuni na moshi wa kuni kwenye shati lake ilimpotezea hesabu. Mara mbili alikosea kutafsiri kaiskwea, kile kipimo cha kuonyesha kama vitu viwili vina uhusiano, yeye, mwalimu. Abdiel aliona, akanyamaza, akainamisha uso kuficha furaha yake.

Sasa alikuwa amepiga magoti sakafuni, damu inamtoka kwenye kidole gumba.

"Rudi ukae," Faudhia alisema, akairudisha kompyuta mezani. "Nisomee ulichokiona kwenye jedwali. Usinisomee ulichokiogopa."

Abdiel alikaa. Alikifunga kidole kwa leso.

"Tumeweka pombe," alianza. "Tumeweka kipato, elimu, umri, ukubwa wa shamba."

"Na regresheni inafanya nini na vitu hivyo?"

"Ulisema ni kama kahawa. Ukitaka kujua kama mbolea ndiyo iliyoikuza, ulinganishe miche iliyo kwenye udongo uleule na mvua ileile. Regresheni inashika vingine vyote visitikisike, halafu inakuuliza habari za kimoja."

"Vizuri. Na vingine vikishikwa, kinachobaki kimesimama ni kipi?"

Abdiel aliisogelea kompyuta.

"Mwanaume aliyekua akimwona baba yake anampiga mama yake. Uwezekano wa yeye kumpiga mkewe unakaribia mara tatu ya yule ambaye hakuona."

"Matokeo mazuri hayo. Yana nguvu, na yanaeleweka. Sasa kitu gani hapo cha kumfanya mtu arushe glasi?"

Abdiel aliangalia mlangoni, akaangalia chai iliyokuwa ikikauka ukutani.

"Mimi niliona," alisema. "Nilikuwa nalala na viatu miguuni, Faudhia. Toka nikiwa mdogo kabisa. Ili baba akianza, nisipoteze muda wa kutafuta viatu, nikimbie kwa majirani kuita watu. Kuna siku niliwahi. Kuna siku sikuwahi."

Kwa mara ya kwanza hakumwita mwalimu.

"Kwa hiyo ni ule msemo wa wazee," aliendelea. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimetumia miaka miwili na mkopo wa serikali kuja kuthibitisha kwamba mimi ni nyoka."

"Ule ni msemo. Hizi ni takwimu. Takwimu zinasema habari za kundi, hazikujui jina. Tena hukumaliza kusoma. Shuka chini ya jedwali. Katika wale walioona, wasiopiga ni wangapi?"

Alishuka. Macho yake yalitembea kwenye mstari, yakasimama.

"Wengi."

"Kuliko wanaopiga?"

"Wengi kuliko."

"Haya."

Faudhia alinyoosha mkono, akauweka juu ya ule mkono uliofungwa leso. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Mkono wa Abdiel uligeuka kiganja juu chini ya wake, ukaushika. Macho yao yalikutana, na Faudhia akasikia damu inamwenda mbio masikioni. Uani, mafuta yaliacha kuchemka ghafla.

"Jumamosi twende nyumbani," Abdiel alinong'ona. "Nataka mama akuone."

"Anione kama nani?"

"Kama mwanamke ninayetaka kumwoa."

Alipoondoka, Bi Mwanamkuu aliingia na ufagio. Alifagia vioo mpaka akamaliza kona zote.

"Mkristo," alisema hatimaye. "Hilo tungeketi na baba zako wadogo tukalizungumza. Dini ina milango yake. Lakini mwanaume anayerusha glasi kwenye nyumba ya watu, mwanangu, hilo halina kikao."

"Hakunirushia mimi, mama."

"Ukuta nao haukumkosea kitu."

*

Jumamosi walipanda mlima kwenye pikapu ya Bariki, jirani wa akina Abdiel, aliyekuwa akirudi kutoka kushusha ndizi sokoni. Kilele cha Meru kilikuwa wazi bila wingu. Nyuma yao, kule chini Usa River, paa za nailoni za mashamba ya maua zilimetameta juani. Abdiel alikuwa amevaa shati la kitenge lililopigwa pasi vizuri, na njia nzima hakuongea sana, ila kila gari liliporuka kwenye jiwe alinyoosha mkono kumkinga Faudhia asigonge kichwa.

Nyumba ilikuwa katikati ya migomba na mibuni, ina kibaraza cha saruji, na mbele yake kahawa ilikuwa imeanikwa juu ya meza ndefu ya wavu. Mama yake Abdiel alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mwembamba, mfupi, na nyusi yake ya kushoto ilikatwa na kovu la zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana." Alimshika Faudhia mabega, akamtazama uso wote. "Nyama sikupika. Sikujua nani angechinja ili wewe uweze kula. Nimekupikia loshoro, mahindi na ndizi na maziwa ya mgando, haya hayana dini."

Faudhia alicheka, akahisi machozi yanamlenga bila sababu. Walikaa kibarazani. Mama aliwapakulia kwenye mabakuli, akamsimulia jinsi Abdiel alivyokuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka walimu wakamchoka. Abdiel alikuwa anatabasamu kwa upande ule mmoja wa mdomo. Faudhia aliwaza kwamba angeweza kuipenda nyumba hii.

Ndipo Mzee Eliud alipotokea kwenye migomba.

Alikuwa mrefu kama mwanawe, amevaa koti licha ya jua, ameshika fimbo. Kwa miaka mingi alikuwa mzee wa kanisa, na hadi leo alitembea kama mtu anayepita katikati ya mabenchi huku waumini wamesimama. Pumzi yake ilinukia mbege, pombe ya ndizi.

Faudhia alisimama. "Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuiacha shikamoo yake ianguke chini namna ile.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, baba."

"Unamfundisha nini mwanangu?"

"Takwimu."

"Takwimu." Alilitamka neno kama mtu anayetoa mwiba wa samaki mdomoni. "Watu hapa walikuwa wanaishi kwa amani. Akaja huyu na makaratasi yake, anapita nyumba hadi nyumba kuwauliza wanaume wenye ndevu kama wanawapiga wake zao. Jumapili nikitoka ibadani wananicheka. Wananiuliza, Eliud, na kwako alipita?"

"Kwako sikupita, baba," Abdiel alisema, ameweka bakuli chini.

"Kwa nini hukupita?"

"Kwa sababu jibu nalijua."

Fimbo iligonga saruji. Mama aliinuka haraka, akaanza kukusanya mabakuli ambayo bado yalikuwa na chakula.

"Baba, mimi nimekuja kumwamkia mama," Faudhia alisema kwa upole. "Kama nimekukosea, nisamehe."

"Kwanza niambie hizo hesabu zenu zimesema nini. Umekuja kwangu, umekaa kwenye kiti changu, hukuja kwa dini yetu wala kwa mila yetu, umekuja kwa hesabu. Basi zisome."

Faudhia alimtazama Abdiel. Abdiel alitikisa kichwa, asiseme. Lakini Faudhia alikuwa ameulizwa swali la kazi yake, na katika kazi hiyo hakuwahi kumdanganya mtu.

"Zinasema mtoto anayeona anaumia, baba. Hata asipoguswa yeye."

"Uongo!"

"Si uongo."

Wote waligeuka. Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama na mabakuli mikononi, kichwa ameinamisha, na alisema kwa sauti ndogo lakini kila neno lilisikika.

"Si uongo, Baba Abdiel. Mtoto huyu alikuwa analala na viatu. Nilikuwa namvua akishapitiwa na usingizi, asubuhi namvalisha tena kabla hajaamka, asijue kama najua."

Kofi lilimkuta kabla hajafunga mdomo. Mabakuli yaliruka, yakapasuka kwenye ngazi, na maziwa yakamwagika saruji yote. Mama aliyumba, akashika nguzo ya kibaraza, na Mzee Eliud alikuwa ameshainua fimbo kwa mikono miwili.

Haikushuka. Abdiel aliidaka ikiwa juu, akaizungusha, ikamtoka baba yake mkononi. Kama angeishia hapo, siku ile ingekuwa na hadithi nyingine. Aliivunja gotini, akaitupa, kisha akampiga baba yake ngumi ya kwanza kwenye taya.

Mzee alirudi nyuma, akaangukia ile meza ya wavu. Kahawa ilimwagika juu yake kama changarawe. Abdiel alimfuata. Alimshika ukosi wa koti, akamwinua, akampiga tena, pua ikapasuka, damu ikaruka kwenye shati la kitenge. Akampiga mbavuni. Akampiga mdomoni. Hakuwa anatukana wala hakulia. Alikuwa anapumua tu, kwa nguvu, kama mtu anayepasua kuni, na ukimya wake ndio uliomtisha Faudhia kuliko damu.

"Abdiel! Utamuua!" mama alipiga kelele. "Mwanangu, utamuua baba yako!"

Mzee alikuwa ameacha kujikinga. Mikono yake ililala pembeni, na kila ngumi iligeuza kichwa chake upande mmoja na kukirudisha. Faudhia alikimbia. Aliudaka mkono wa kulia wa Abdiel ukiwa umerudi nyuma kupata nguvu, akaung'ang'ania kwa mikono yote miwili.

"Abdiel, basi! Ni mimi! Basi!"

Aligeuka. Faudhia alimwona akigeuka, akayaona macho yake yakimtua usoni. Kisha ule mkono ulimrusha.

Miguu yake iliacha ardhi. Bega liligonga nguzo, na paji la uso likatua kwenye ukingo wa ngazi ya saruji. Alisikia mlio ndani ya kichwa chake, na baada ya hapo dunia ikawa nyeupe, ikanyamaza.

Alipofungua macho, mama alikuwa amempakata, amevua kanga ya mabegani na kumkandamizia nayo usoni. Mume wake alikuwa amelala kwenye kahawa, anakoroma kwa damu iliyojaa puani, na yule mama hakuwa amemwendea. Alikuwa amekuja kwa Faudhia kwanza.

"Nione, mwanangu. Nione. Vidole vingapi hivi?"

"Mkono wangu," Faudhia alisema. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeanza kuvimba.

Abdiel alikuwa amesimama palepale. Hakupiga tena. Alipiga magoti, akaanza kuwasogelea kwa magoti juu ya vipande vya mabakuli.

"Faudhia. Mungu wangu. Faudhia."

"Usiniguse."

Aliganda palepale magotini, kama aliyepigwa risasi.

"Umempiga baba yako," Mzee Eliud alisema kutoka chini, sauti yake inabubujika. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akashika mbavu. "Dunia nzima ishuhudie. Umelaaniwa."

Abdiel alikuwa anamtazama Faudhia tu, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia siku ile. Kipo ndani yangu. Hata zile namba zilisema, jedwali lilisema..."

"Usinitajie jedwali!" Faudhia alikaa wima, kizunguzungu kikampiga, akamshika mama asianguke. "Namba hazikunirusha, Abdiel. Jedwali halina mkono. Wewe ndiye umenirusha."

"Sikutaka..."

"Sikuulizi ulichotaka. Nakuuliza kitu kimoja, unijibu kama unavyomheshimu Mungu wako." Alifuta damu iliyomshuka jichoni. "Uliponigeukia. Uliniona?"

Upepo ulipita kwenye migomba. Faudhia alikuwa anamwomba Mungu kimoyomoyo, na alichokiomba kilimwaibisha. Alikuwa anaomba Abdiel aseme hapana. Aseme, hasira ilinipofusha, sikujua ni wewe, nilidhani ni mtu mwingine. Angeamini. Angejilazimisha kuamini, angeosha uso, angeshuka naye mlima ule wameshikana, na nyumbani angesema aliteleza kwenye ngazi. Maneno yote aliyoyahitaji yalikuwa mawili tu: hapana, sikukuona.

Abdiel alimtazama mama yake, akamtazama baba yake aliyelala kwenye kahawa. Kisha akamtazama Faudhia machoni.

"Nilikuona," alisema. "Nilijua ni wewe. Kwa muda ule mdogo, nilikuchukia kwa sababu unanizuia. Nikakurusha."

Faudhia alilia hapo. Alilia kwa sauti, kama mtoto, kwa sababu maumivu ya bega na ya mkono na ya kichwa yote yalikuja pamoja na hilo, na kwa sababu katika saa ile, akiwa na damu yake mwenyewe mdomoni, bado alikuwa anampenda.

"Mama," alisema alipoweza kusema. "Naomba uniitie gari."

*

Bariki hakuuliza kitu. Aliwaweka wanawake wote wawili mbele kwenye pikapu, maana mama alipofika getini kumsindikiza Faudhia, alipanda naye. Hakuaga, wala hakurudi ndani kuchukua hata mkoba. Aliingia akafunga mlango, akasema, "Twende."

Waliteremka mpaka karibu na lami.

"Mwanangu," mama alisema, anaangalia mbele. "Huyu mzee tangu anioe, kila akinipiga, kesho yake husema hakujua anachofanya. Ilikuwa pombe. Ilikuwa hasira. Shetani alimpitia. Leo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia mwanaume wa nyumba ile akisema alijua."

Faudhia alimgeukia.

"Simwombei msamaha," mama alisema haraka. "Na wala sikwambii urudi. Nimekwambia nilichokisikia tu."

"Tunaanza hospitali, mama?" Bariki aliuliza.

"Tunaanza polisi."

Dawati la jinsia la kituo cha Usa River lilikuwa chumba kidogo chenye meza na benchi. Askari aliyekuwa zamu, Afande Violet, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliwatazama mara moja tu, akavuta viti viwili. Alitoa fomu ya matibabu, ile PF3.

"Nani ameumizwa?"

"Wote," mama alisema. "Mimi nimepigwa na mume wangu, Eliud. Na huyu binti kaumizwa na mwanangu. Andika wote wawili, afande. Usimwache mmoja kwa sababu ni mtoto wangu."

"Wako nitaandika, mama. Wa kwake lazima aseme mwenyewe." Alimgeukia Faudhia. Hakumharakisha.

Simu ya Faudhia ilitetemeka ndani ya mkoba. Kaka yake, Shomari. Aliyajua yatakayofuata akipokea na kulia. Shomari angekusanya vijana Kaloleni nzima, wangepanda mlima kabla ya magharibi, na Abdiel asingebaki na mfupa mzima. Aliizima simu.

"Abdiel Eliud," alisema. "Amenirusha, nikagonga nguzo na ngazi. Alikuwa ameniona."

Kalamu ilikuwa bado inaandika mlango ulipofunguliwa. Abdiel alikuwa amesimama pale, lile shati limekauka damu, magoti ya suruali yamechanika. Nje, dereva wa bodaboda alikuwa anageuza pikipiki.

"Nimempeleka baba zahanati," alisema. "Ana mbavu zimevunjika, atapona. Afande, mimi ndiye Abdiel. Yote atakayosema huyu ni kweli. Na ya baba nitayaandika mwenyewe, niliyoyafanya."

"Kaa kwenye benchi," Afande Violet alisema.

Alikaa. Mama alinyanyuka, akapita mbele ya mwanawe, akasimama kidogo. Alimwekea mkono kichwani, akautoa, akatoka nje. Faudhia alichukua fomu yake, akamfuata. Alipofika kwenye benchi naye alisimama. Alikuwa na mengi, na mengi aliyabakiza.

"Shomari akitaka kukutafuta, nitamzuia," alisema. "Si kwa ajili yako. Sitaki mtu mwingine apigwe kwa jina langu."

"Sawa."

"Utafiti wako utaumaliza kwa mwalimu mwingine. Nitakupa namba yake. Uumalize."

"Sawa."

"Na Kaloleni usije. Siku nikitaka kukuona, nitapanda mlima mwenyewe."

Abdiel aliinua macho. Yalikuwa yamevimba, mekundu, na ndani yake kuliwaka kitu ambacho Faudhia hakustahimili kukitazama kwa muda mrefu.

"Nitasubiri," alisema.

"Sijakuambia usubiri," Faudhia alijibu, akatoka nje alikokuwa mama yake Abdiel, wakashikana mikono, wakavuka barabara kwenda hospitali.